Jiwe kwa Kila Mstari Uliofichwa

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa penseli tatu, bunda la karatasi angavu na jiwe. Penseli nilizielewa. Karatasi nilizielewa baada ya kuelezwa. Jiwe nililigeuza mkononi, nikalitazama juu na chini, nikadhani ni la kuzuia mlango. Lilikuwa jiwe la kawaida la mtoni, jeusi, kubwa kama yai la bata, limeng'aa kwa kushikwashikwa miaka mingi.

Ofisi ilikuwa Masasi, chumba kimoja chenye madirisha mawili, mali ya mradi wa maji uliohudumia vijiji vya bondeni na vile vya juu uwandani. Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mkuu wa Takwimu, mtu mfupi, kaptula yake imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, soksi zimefika magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Unajua kuhesabu?" akaniuliza.

"Najua, mzee."

"Kila anayekuja anasema hivyo. Unajua kutazama?"

Nikatazama jiwe. Akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Basi hiyo ndiyo kazi niliyokuitia."

Ninyi vijana wa leo mnaobofya tu, ngojeni niwaeleze tulivyofanya. Kila kituo cha maji, yaani kile kibanda chenye bomba ambacho watu hukiita kioski, kilikuwa na karatasi yake. Karatasi angavu ni ile unayoona kilicho nyuma yake. Chini tuliandika wiki, pembeni tukaandika ndoo zilizochotwa, kisha tukachora mstari wa kituo kile kwa penseli, wiki hadi wiki. Mkuu alipotaka kulinganisha vituo viwili, nilibandika karatasi mbili dirishani, moja juu ya nyingine, na mwanga wa jua ukaonyesha mistari yote miwili pamoja. Akitaka vitano, nabandika tano. Siku moja, kwa ujuaji wangu, nilibandika zote. Looh! Dirisha likawa nywele za mtu aliyetoka usingizini. Mkuu akaja, akasimama, akashika kiuno.

"Umenionyesha nini hapa?"

"Vituo vyote, mzee."

"Hujanionyesha hata kimoja. Ondoa."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuficha ni nusu ya kazi. Unatoa karatasi ambazo hazihusiki na swali la siku hiyo ili zinazohusika zisomeke. Lakini Mkuu alikuwa na sheria, na kwa sheria hiyo hakuwa na mchezo. Karatasi iliyotolewa dirishani haiingii kwenye droo. Inalazwa mezani, uso juu, na jiwe linawekwa juu yake. Na hakuna anayefunga ofisi kwenda nyumbani wakati jiwe limelalia karatasi. Ama unairudisha dirishani, ama unabaki.

Nilimwuliza siku moja kwa nini jiwe, kwani upepo wa Masasi si mkali kiasi hicho. Akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Jiwe si la upepo," akasema. "Jiwe ni la kichwa chako."

Nilimpenda mzee yule, nasema wazi. Hakuwahi kunisifu hata siku moja, na sikuwahi kufanya kazi nzuri kama niliyofanya chini yake. Alipostaafu alinipa lile jiwe, akaniambia nisilipoteze, akapanda gari akaenda zake.

Baadaye nikahamishiwa Newala. Kwa mtu wa Masasi kama mimi, Mmakua wa bondeni, kupanda uwandani ni kuanza maisha upya. Asubuhi baridi inakukata masikio. Ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako, maji unayaona kwa macho, na nyumbani kwako huna hata ya kunawia uso. Mke wangu, Mama Anjela, alijifunza kuoga kwa maji ya bakuli, kisha maji yaleyale akapigia deki, kisha akamwagilia mchicha. Aliniambia, "Baba Anjela, kazi yako ya kuandika maji sasa nimeielewa."

Newala ndiko kompyuta ilikotukuta. Wataalamu wa lugha wanasema lahajedwali, sisi ofisini tulisema Ekseli, na sitabadili leo. Ni jedwali kubwa lisilo na mwisho. Safu zinasimama wima, kila moja ina herufi yake juu. Kila kijisanduku kinaitwa seli. Safu moja nikaipa kituo kimoja, nikashuka chini wiki kwa wiki nikijaza ndoo. Ukishajaza, unaiambia ichore chati, na kila safu inageuka mstari wenye rangi yake. Mstari huo kwa lugha ya kazi ni mfululizo wa data. Mimi niliyepinda mgongo miaka yote nikinoa penseli, nilipouona mstari unajichora wenyewe nilibaki mdomo wazi. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kuficha nako kukawa rahisi. Mwanzoni tulificha safu nzima: unaibofya, unaiamuru ijifiche, na mstari wake unatoweka kwenye chati. Njia hiyo ilikuwa na uaminifu wake, kwa sababu herufi za juu ziliruka. Ukiona C kisha E, unajua D imekaa mahali. Baadaye likaja toleo jipya. Ukibofya chati, pembeni yake kinatokea kialama cha faneli, kama ile ya kumiminia mafuta ya taa. Unaibofya, inafunguka orodha ya mistari yote, kila mmoja na kiboksi chenye tiki. Ondoa tiki, mstari umefichwa. Rudisha tiki, mstari umerudi. Safu yenyewe haiguswi, namba zimekaa palepale, herufi haziruki. Niliona ni ufundi wa ajabu, na hadi leo naona hivyo. Sikujiuliza jiwe nitaliweka wapi. Lilikaa mezani kwangu Newala kama pambo, likishikilia risiti za mafuta ya pikipiki.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Selina.

Vituo vyetu vya uwandani tuliviita kwa majina ya wanawake waliovisimamia, kwa sababu kijiji kimoja kilikuwa na vituo viwili au vitatu, na watu wenyewe walisema, "Naenda kuchota kwa Mama Fulani." Kituo cha Chilumbe, kijiji kilichopo mwisho kabisa wa bomba, kupita njia ya Kitangari, kilikuwa cha Mama Selina. Mwanamke mrefu, mwembamba, muumini wa kanisa asiyekosa Jumapili, na mkali wa hesabu kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha. Kila Ijumaa mchana alinipigia simu.

"Shikamoo, Baba Anjela. Kalamu unayo?"

"Marahaba. Ninayo."

"Ishike vizuri basi."

Kisha anataja ndoo za siku saba, moja moja, bila salamu za ziada.

Siku moja nilikwenda Chilumbe kukagua mita. Jua kali, nimekauka koo. Nikamwomba maji ya kunywa. Akanipa kikombe, maji safi, nikanywa nikashukuru. Nilipogeuka nikamwona ameinamia daftari anaandika. Nikachungulia. Aliandika: "Kikombe 1, Karani."

"Mama Selina! Hata kikombe?"

"Kimetoka kwenye bomba hakikutoka?"

"Kimetoka."

"Basi kimetoka."

Nilisimulia kisa hicho ofisini kwa miezi. Tulipowaita wasimamizi wote Newala kuwaonyesha chati ukutani kwa projekta, yeye ndiye peke yake aliyesimama akaomba abadilishiwe rangi. Alitaka rangi ya machungwa, kwa sababu ile ya kijivu niliyompa, alisema, inafanana na mtu mgonjwa. Wenzake walicheka sana. Nilimpa ya machungwa. Akautazama mstari wake muda mrefu, akawaonyesha wenzake kwa kidole, "Yule ni mimi."

Wakati huo bosi wetu alikuwa mwanamke, mhandisi wa maji, kila mtu alimwita Injinia. Umri wake ulikuwa wa binti yangu Anjela, na sitaona haya kusema kwamba alinishinda mbali kwa akili. Alianzisha kikao cha zamu, kila Jumatatu ya pili. Chati ilitupwa ukutani, ikiwa na mstari mmoja mwekundu uliolala chini, sawasawa kutoka upande huu hadi ule. Kituo kikikaa chini ya mwekundu wiki mbili, fundi wa pampu anapanda pikipiki anakwenda, bila barua, bila kuombwa. "Sitaki mtu atembee kilomita kuja kunililia," alisema. "Namba ikishuka, sisi ndio tuende." Wasimamizi waliipenda kanuni hiyo. Waliiamini.

Masika yalipokuwa yanaisha, Mama Selina alifariki. Aliugua siku chache tu. Nilikwenda kumzika, nikalia kama nimefiwa na dada. Jumatatu iliyofuata kulikuwa na kikao. Nikawasha kompyuta mapema niiandae chati, na pale kwenye orodha ya majina nikaona "Mama Selina", na mstari wake wa machungwa unaendelea, kwa sababu binti yake alikwisha kaa kibandani na Ijumaa alinitumia namba kwa ujumbe wa simu.

Mwenzenu nikashindwa. Kwetu mtu akifariki kuna heshima yake mpaka arobaini ipite. Nguo zake zinafungwa, kitanda chake hakilaliwi. Na mimi nitamtupa ukutani, jina wazi, mstari unapanda na kushuka kama yu hai, watu wakinywa chai wanauonyesha kwa rula? Niliona ni utovu wa adabu. Nikabofya chati, nikabofya faneli, nikaondoa tiki. Nilijiambia ni mpaka arobaini, kisha nitaurudisha na jina nitabadilisha. Nilifanya kwa mapenzi, Mungu ananiona.

Arobaini ikapita. Nilikwenda kwenye misa, nikala wali, nikarudi. Tiki sikuirudisha. Si kwa ubaya. Kilichoondoka machoni kiliondoka na ukumbusho wake, na juu ya meza hapakuwa na karatasi wala jiwe la kuniuliza, "Baba Anjela, unakwenda wapi?"

Na jambo hili ndilo linaloniuma zaidi. Namba za Chilumbe niliendelea kuziandika. Kila Ijumaa binti alituma, kila Ijumaa nikamjibu "Nimepokea, asante", kisha nikaziandika kwa mkono wangu huu kwenye safu yake. Zilikuwa zinashuka. Lakini ukijaza namba za vituo arobaini, namba ni namba tu, macho yanafanya kazi na akili imekwenda sokoni. Hiyo ndiyo sababu chati ilibuniwa. Wote ofisini tulitazama ukutani, na ukutani Chilumbe haikuwepo.

Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua alipokuja. Ilikuwa Jumatatu ya kikao. Injinia alikuwa mbele, fundi wa pampu na wengine tumekaa, mlango ukagongwa. Akaingia mwanamke kijana, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini, kashika daftari kifuani. Nilimtambua kwa urefu. Alikuwa Selina.

"Shikamoo, Baba Anjela. Samahani, hamjambo wote."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kuna nini?"

"Nimekuja kuuliza kama tumewakosea."

Injinia akaweka rula chini. "Mmetukosea nini?"

"Sijui. Ndiyo nimekuja kuuliza. Bomba letu linatoa maji kama mate tangu masika yaishe. Wanawake wanashuka bondeni, wanaondoka alfajiri wanarudi saa sita. Mama alinifundisha, akasema, wewe usipige kelele, usimsumbue mtu, tuma namba za kweli tu. Namba zikishuka watakuja wenyewe. Nimetuma kila Ijumaa. Karani ananijibu amepokea. Watu kijijini wanasema ninaandika uongo, ndiyo maana hamji. Mwenyekiti anataka kumpa mtu mwingine daftari la mama."

Bado sikuwa nimeelewa. Yeye aligeuka akatazama ukutani. Alipitisha macho kwenye mistari yote, akarudia tena kutoka juu.

"Mama aliniambia niangalie wa machungwa," akasema. "Uko wapi?"

Hapo nikaelewa.

Injinia aliisogelea kompyuta. Akabofya chati, faneli ikatokea, akaifungua. Sote tuliona. Majina yote yana tiki, moja halina.

"Nani ameondoa tiki hii?" akauliza, kwa sauti ya kawaida tu.

Fundi wa pampu alikuwa ameketi kando yangu. Aliniinamia akaninong'oneza, "Mzee, sema kompyuta ilikwama. Inakwama kila siku, nani atabisha?" Alisema kwa wema, na nitamwombea siku zote. Na ni kweli ingepita. Nilikuwa na miaka miwili hadi kustaafu. Lakini Selina alikuwa amesimama mbele yangu na daftari kifuani, na kijijini kwake anaitwa mwongo.

Nikasimama. "Ni mimi, Injinia. Niliondoa Jumatatu ile baada ya mazishi. Niliona si adabu jina la marehemu kukaa ukutani. Nilikusudia kurudisha arobaini ikipita. Nikasahau."

Injinia alirudisha tiki. Mstari wa machungwa ukajichora ukutani. Ulianza juu pamoja na wenzake, ukashuka na masika kama wenzake, watu walipokinga maji ya mvua, na kiangazi kilipoanza, wenzake wote wakageuka wakapanda, wenyewe ukaendelea kushuka. Ulivuka mwekundu. Ukashuka tena. Kila kona ya mstari ule ilikuwa Ijumaa niliyoandika "Nimepokea, asante". Selina aliweka mkono mdomoni.

"Hukuandika uongo," Injinia akamwambia. "Umeandika kweli tupu, bila kuruka hata wiki. Sisi ndio tuliofunga macho." Kisha akageuka. "Fundi, pikipiki. Sasa hivi, kikao kimeishia hapo. Baba Anjela, wewe unakuja na mimi garini, na Selina. Utawaeleza watu wa Chilumbe mwenyewe."

Njiani nilimwambia, "Injinia, nifukuze. Ni haki yako."

Alibadilisha gia. "Mzee, ungekuwa umefuta ile safu, ningekufukuza leo na pensheni yako nisingeiuliza. Hukufuta. Umeficha, na namba umeziandika zote. Kwa hiyo nimeona tatizo limeanza wiki gani, na kwa kuwa vituo vingine havikushuka, najua ni valvu, yaani koki ya mwisho ya bomba, si pampu. Kazi yako imetuharibia na kazi yako imetusaidia. Nikikufukuza nani atamfundisha anayekuja?"

Sijawahi kusikia bosi akisema maneno ya haki kama yale, na nimefanya kazi chini ya mabosi wengi.

Chilumbe tulikuta foleni ya ndoo bila watu. Ndoo tupu zimepangwa kutoka bombani hadi barabarani, kila moja imewekewa jiwe ndani ili upepo usiipeperushe na mwenyewe asipoteze nafasi. Wenye ndoo walikuwa bondeni. Nilisimama nikayatazama mawe yale, nikamkumbuka Mkuu wa Takwimu na soksi zake, nikatamani ardhi inimeze.

Watu walipokusanyika nilieleza yote. Sikulainisha. Nikawaambia Selina hakukosea hata ndoo moja, aliyekosea ni mimi, na sababu yangu ni ile niliyowaeleza ninyi. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, ametoka kupanda mlima na ndoo, alinitazama hadi nikaona haya ya kuvaa viatu.

"Ina maana," akasema, "mgongo wangu huu umeuma kwa ajili ya adabu yako?"

"Ndiyo, bibi."

"Siku nyingine uwe huna adabu."

Kicheko kikalipuka, na kilinisaidia kidogo, ingawa bibi mwenyewe hakucheka. Mwenyekiti alimshika Selina mkono mbele ya wote, akamwomba radhi, na habari ya daftari ikaishia hapo. Fundi alikwisha fukua valvu. Ilikuwa imeganda kwa kutu, imebakiza upenyo wa kidole. Kesho yake adhuhuri bomba lilitema upepo, likatema matope, kisha likatoa maji. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilijificha nyuma ya gari nikalia.

Kabla hatujaondoka nilimwuliza Selina, "Sasa niandike jina lako kwenye mstari?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mama hayupo."

Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Baba Anjela, nyumbani jina la mama tumempa mtoto wa kaka yangu. Tunaliita kutwa nzima, linatumwa dukani, linagombezwa. Wewe ndiye peke yako uliyelificha. Liache ukutani. Na rangi iwe ileile."

Tangu siku ile nilirudisha sheria ya Masasi, nikaitafsiri kwa kompyuta. Kila ninapoondoa tiki ya mstari, naandika juu ya chati, kwenye kichwa chake, kwa herufi kubwa: "Imefichwa", na majina yake. Anayetazama ukutani anaona kilichopo na anasoma kisichopo. Na jiwe linatoka kwenye risiti, linakaa juu ya kibodi, juu kabisa ya herufi, hata kuandika haiwezekani. Kompyuta haizimwi mpaka jiwe lirudi mahali pake. Wageni walicheka. Injinia aliagiza iwe sheria ya ofisi.

Siku ya kustaafu kwangu walinifanyia sherehe ndogo palepale Newala. Jiwe nilimkabidhi binti aliyeshika meza yangu. Aliligeuza mkononi, akatazama juu na chini, akaniuliza kama ni la kuzuia mlango. Nilifurahi mno. Nilimwambia kwamba Injinia atamweleza.

Watu walileta kanga kwa Mama Anjela, wakaleta korosho, wakaleta jogoo. Mwisho kabisa akaingia Selina na ndoo kichwani, imefunikwa kwa majani ili isimwagike. Ameibeba kutoka Chilumbe, gari alilopanda lilimshusha mbali, na akatembea. Aliitua mbele yangu. Ilikuwa maji. Nyinyi mlio na mabomba ndani mtaona ni zawadi ya ajabu. Lakini uwandani kila mtu anajua uzito wa zawadi ile.

Nilisimama, nikamshukuru. Yeye akatoa daftari kwenye mfuko, akakaa kwenye kiti changu, akaandika. Kisha akamgeuzia yule binti wa mezani kwangu, akamwonyesha kwa kidole.

"Ijumaa hii namba yangu itakuwa na ndoo moja ya Baba Anjela. Imeandikwa hapa. Msije mkaificha."

Walicheka wote. Mimi nililia mbele yao, safari hii sikujificha.

Nilikunywa kikombe kimoja palepale. Yaliyobaki niliyabeba kwenye basi hadi Masasi, ndoo katikati ya miguu, naishika kwa mikono miwili kila tulipokata kona ya kushuka. Kondakta alinitazama, akashindwa kuvumilia.

"Mzee, unapeleka maji Masasi? Masasi maji yapo."

"Yapo, mwanangu," nikamwambia. "Lakini haya yameandikwa."

Hakuelewa, akaenda zake mbele kudai nauli, na mimi nikaendelea kuishika ndoo yangu.